Kimekoma, kimelala au kinaning'inia? Ulinganisho wa njia za urithi wa vyeo vya makabaila wa Uingereza

Mtu anayeandika historia ya walowezi wa Kenya, anayetafsiri habari za ukoo wa kifalme au anayechora mti wa familia hakosi kukutana na maneno "cheo hicho kilikoma". Huandikwa kwa urahisi mno. Cheo kinaweza kukoma, kulala, kuning'inia, kumezwa na taji au kukataliwa na mrithi, na sheria inayatofautisha yote hayo. Ukikosea neno, umemfuta mrithi aliye hai au umempa haki mtu asiye nayo. Hapa tunaziweka njia hizo sambamba, ili ukiwa na cheo fulani mkononi ujue kinafuata ipi.

La kushika kwanza ni kwamba cheo si mali ya ukoo. Hakiuzwi, hakiandikwi katika wasia, wala mwenye nacho hawezi kumchagulia mtoto ampendaye. Kinafuata maneno ya hati iliyokiunda, hata kama hati hiyo ina miaka mia tano. Ndiyo maana mtu mmoja anapokufa, vyeo vyake vinaweza kutawanyika.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Josslyn Hay, Erli wa 22 wa Erroll, aliyekutwa alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941 ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake, nje kidogo ya Nairobi. Hakuacha mtoto wa kiume, ila binti mmoja, Diana, mwenye umri wa miaka 15. Cheo cha Erroll ni cha Uskoti na mwanamke anaweza kukirithi, kwa hiyo Diana akawa mwenye cheo wa 23. Lakini baba yake alikuwa pia Baroni Kilmarnock, cheo kilichoundwa mwaka 1831 kwa warithi wa kiume tu. Hicho kilimpita binti kikaenda kwa mdogo wa marehemu, Gilbert, ambaye alibadili jina lake la ukoo kuwa Boyd. Ukiandika "mrithi wa Lord Erroll" bila kusema wa cheo kipi, tayari umepotea.

Madaraja ni matano, kutoka juu: duke, markisi, erli, vaikaunti na baroni. Daraja halikuambii nani anarithi. Kinachokuambia ni namna cheo kilivyoundwa.

| Namna ya kuundwa | Nani anarithi | Binti anarithi? | Kinaisha lini | Mfano |
|---|---|---|---|---|
| Hati ya kifalme ya kawaida | Wanaume wa uzao wa mpokeaji wa kwanza, kupitia wanaume | Hapana | Mstari wa kiume ukikatika | Lord Lugard, 1928–1945 |
| Barua ya wito bungeni | Uzao wote, mwana wa kiume akitangulia | Ndiyo, ila wakiwa wawili au zaidi kinaning'inia | Uzao wote ukiisha | Grey wa Codnor |
| Hati yenye sharti maalumu | Waliotajwa humo | Inategemea maneno yake | Waliotajwa wote wakiisha | Mountbatten wa Burma, 1947 |
| Cheo cha maisha | Hakuna | Hapana | Siku mwenyewe anapokufa | Lord Twining, 1958–1967 |

Mstari wa kwanza wa jedwali ndio wenye vyeo vingi zaidi. Maneno ya hati humpa cheo mpokeaji na "warithi wa kiume wa uzao wake" waliozaliwa ndani ya ndoa halali. Utafutaji wake una utaratibu: anza na mwana mkubwa wa marehemu, kama alikufa kabla ya baba lakini akaacha mtoto wa kiume, mjukuu huyo anasimama mahali pa baba yake na kuwatangulia baba zake wadogo. Wakikosekana, nenda kwa ndugu za marehemu, kisha baba zake wakubwa na wadogo na uzao wao wa kiume, ukipanda kizazi kwa kizazi hadi umfikie mpokeaji wa kwanza. Hapo unasimama. Ndugu wa mpokeaji wa kwanza hawamo, kwa sababu si uzao wake. Frederick Lugard, yule aliyeingia Uganda mwaka 1890 kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipewa ubaroni mwaka 1928 na akafa mwaka 1945 bila mtoto. Cheo kilikoma siku hiyohiyo, na hapakuwa na la kutafuta.

Ugumu unaanza pale mtu anapokuwa na vyeo kadhaa vya enzi tofauti, maana kila kimoja kina mpokeaji wake wa kwanza na hivyo kina kiwango chake cha kupanda. William Bentinck alifanywa Erli wa Portland mwaka 1689. Mwanawe Henry ndiye aliyepandishwa kuwa Duke wa Portland mwaka 1716. Duke wa tisa alipofariki mwaka 1990, uzao wa kiume wa Henry ulikuwa umekwisha, basi uduke ukakoma. Lakini uerli unahesabiwa kutoka kwa baba, na baba alikuwa na wana wengine kwa mke wa pili. Ukaenda kwa mtu wa tawi hilo, ndugu wa mbali kabisa. Jambo kama hilo lilikuwa limetokea miaka miwili tu kabla kwa Duke wa Newcastle: uduke ulikufa mwaka 1988 na uerli wa Lincoln ukaenda kwa ndugu wa mbali aliyekuwa Australia. Kwa hiyo usiandike "ukoo wa Portland ulikoma". Taja cheo kimoja kimoja na mwaka wake.

Kwa anayedhani maneno ya hati ni mapambo, kuna kisa cha Erli wa Devon. Mwaka 1553 Edward Courtenay alipewa cheo hicho kwa hati iliyosema "warithi wake wa kiume" bila kuongeza "wa uzao wake". Alikufa mwaka 1556, hajaoa, na watu wote wakaamini cheo kimekoma. Hata kikaundwa kingine cha Devonshire kwa mtu wa ukoo tofauti, na baadaye tena kwa akina Cavendish, ambao leo ndio maduke wa Devonshire. Mwaka 1831 Baraza la Malodi, yaani bunge la juu, likasoma hati upya na kuamua kwamba, kwa kuwa maneno yale hayakuwekwa, ndugu wa mbali wa kiume naye ni mrithi. Cheo kikarudi kwa akina Courtenay baada ya miaka 275. Hakikuwa kimekoma, kilikuwa kimelala. Devon na Devonshire zikaishia kuwa na mabwana wawili tofauti, na hadi leo wako wanaowachanganya.

Sasa njia ya barua ya wito, ambayo ndiyo yenye mitego mingi. Zama za kati mfalme alikuwa akimwandikia mtu barua ya kumwita bungeni. Wanasheria wa baadaye walikubaliana kwamba barua hiyo, pamoja na ushahidi kwamba mtu alikwenda akaketi kweli katika bunge lililo halali, iliunda ubaroni wa kurithiwa. Barua peke yake haitoshi, na barua ya kuitwa kwenye mkutano usiohesabiwa kuwa bunge haifai kitu. Hati ya kwanza kuunda ubaroni badala ya wito ilitolewa mwaka 1387 kwa John Beauchamp wa Kidderminster (hakuifaidi; alikatwa kichwa mwaka uliofuata). Kwa hiyo ukikuta ubaroni wa Kiingereza wa karne ya 13 au 14, anza kwa kudhani ni wa wito.

Hapa mabinti wanarithi. Mwana wa kiume anawatangulia dada zake, na miongoni mwa wana wa kiume mkubwa anachukua chote. Binti akiwa peke yake, anachukua chote pia. Wakiwa wawili au zaidi, sheria ya Uingereza haimtambui mkubwa: wote wana haki sawa, na kwa kuwa cheo hakigawanyiki, hakuna anayekishika. Kinaning'inia kati yao.

Tuchukue baroni mwenye mabinti wawili, wa kwanza na wa pili. Kila mmoja ana nusu ya haki. Wa kwanza anakufa akiacha wana wawili wa kiume: mkubwa anachukua nusu yote ya mama, mdogo hapati kitu. Wa pili anakufa akiacha mabinti watatu: nusu ya mama yao inagawanyika, kila mmoja anabaki na sehemu moja ya sita. Msomaji aliyezoea mafungu ya mirathi hatapata shida na hesabu, ila akumbuke kwamba hapa kinachogawanywa ni haki ya kudai, na cheo chenyewe kimefungwa.

Kufunguka kuna njia mbili. Ya kwanza haihitaji mtu: matawi mengine yote yakifa hadi akabaki mrithi mmoja, cheo kinamwangukia chenyewe. Ya pili ni ombi kwa mfalme, ambaye anaweza kumpa mmoja wa warithi hao, naye si lazima awe wa tawi la binti mkubwa. Mwaka 1927 kamati ya Baraza la Malodi ilipendekeza mipaka miwili ambayo inafuatwa mpaka sasa: cheo kisiwe kimening'inia zaidi ya miaka 100, na mwombaji awe na angalau theluthi moja ya haki. Katika mfano wetu, mjukuu mwenye nusu anaweza kuomba, lakini wale watatu wenye sita-sita hawana mlango mpaka wawili kati yao wafe bila uzao.

Kabla ya mipaka hiyo hali ilikuwa huria zaidi, na mabaki yake yalionekana hata juzijuzi. Ubaroni wa Grey wa Codnor ulianza kuning'inia mwaka 1496 ukafunguliwa mwaka 1989, miaka 493 baadaye, kwa sababu dai lenyewe lilikuwa limefunguliwa kabla ya kanuni mpya. Katika karne zote hizo, aliyeandika "umekoma" alikuwa amekosea, hata kama hakuna aliyeitwa kwa jina hilo.

Wito umewahi hata kuunda cheo kwa makosa. Mwaka 1628 James Stanley aliitwa bungeni kama Lord Strange kwa kuaminiwa kwamba baba yake, Erli wa Derby, alikuwa na ubaroni huo. Baba hakuwa nao. Ulikuwa ukining'inia tangu 1594. Badala ya kufuta barua, sheria ilihesabu kwamba ubaroni mpya wa Strange umezaliwa siku hiyo. Ukikutana na Strange, uliza kwanza: wa mwaka gani?

Uskoti hauna habari za kuning'inia. Pale ambapo wanawake wanaruhusiwa, binti mkubwa anachukua chote. Kwa hiyo kabla ya kutumia kanuni yoyote hapo juu, jua cheo ni cha wapi: vya Uingereza yenyewe au vya Uskoti viliundwa kabla ya 1707, vya Britania Kuu kati ya 1707 na 1800, na vya Ufalme wa Muungano tangu 1801. Ireland ilikuwa na vyake.

Sharti maalumu ni dawa ambayo ilitolewa kwa mashujaa wa vita wasio na mtoto wa kiume. Ukitaka kuona tofauti yake na hati ya kawaida, mtazame Admirali Nelson, aliyekufa Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Alikuwa na vyeo vitatu. Ubaroni wa 1798 na uvaikaunti wa 1801 vilikuwa na maneno ya kawaida, navyo vikakoma pamoja naye. Ubaroni mwingine wa 1801 ulikuwa umeandikwa kwa namna ya kuwaingiza baba yake na dada zake pamoja na uzao wao, na kwa njia hiyo kaka yake William, kasisi ambaye hakupigana vita yoyote, akaurithi, kisha mwaka huohuo akapewa uerli kwa heshima ya marehemu. Binti wa Nelson, Horatia, hakupata cheo chochote, maana alizaliwa nje ya ndoa.

Duke wa Marlborough alifiwa na mwanawe mwaka 1703, miezi michache tu baada ya kupewa uduke. Bunge likatunga sheria mwaka 1706 kuwaruhusu mabinti, na mwaka 1722 binti mkubwa Henrietta akawa mwenye cheo. Kisha mwaka 1733 kikaenda kwa mwana wa dada yake, Charles Spencer. Kwa Mountbatten, hati ya 1947 iliwataja mabinti tangu mwanzo, na Patricia akarithi baba yake alipouawa mwaka 1979. Lakini sharti maalumu halikupi umilele. Lord Kitchener aliyezama mwaka 1916 alirithiwa na kaka yake kwa sharti la aina hiyo, na bado cheo kilikoma mwaka 2011.

Vyeo vya maisha havihitaji maelezo marefu. Vilianza kutolewa kwa wingi kwa sheria ya 1958, na miongoni mwa wa mwanzo kabisa alikuwa Edward Twining, gavana wa Tanganyika tangu 1949 hadi mwaka huohuo wa 1958, ambaye cheo chake kilimtaja kuwa "wa Tanganyika na wa Godalming". Alifariki mwaka 1967 na cheo kikaisha. Mwanawe William, mwanasheria aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1960, hakukirithi, na sababu si ukoo kukosa mwanamume.

Zipo hali tatu zaidi ambazo si kukoma kwa maana ya kawaida. Mwenye cheo akiwa mfalme, cheo kinamezwa na taji. Philip, Duke wa Edinburgh kwa cheo cha mwaka 1947, alifariki Aprili 2021, uduke ukaenda kwa mwanawe Charles, na Charles alipokuwa mfalme tarehe 8 Septemba 2022 ukamezwa. Uduke aliopewa Edward, mdogo wa Charles, tarehe 10 Machi 2023 ni mpya na ni wa maisha yake tu. Usimhesabu kuwa mrithi wa baba yake. Pili, mrithi anaweza kukikataa cheo kwa sheria ya 1963, ndani ya miezi 12 tangu akirithi. Tony Benn alikataa uvaikaunti wa Stansgate mwaka huohuo ili arudi katika Bunge la Makabwela. Kukataa kunamhusu yeye peke yake: alipofariki mwaka 2014, mwanawe mkubwa alikirithi kama kawaida. Tatu, cheo kinaweza kunyang'anywa. Zamani ilikuwa kwa hukumu ya uhaini, kama Duke wa Monmouth aliyekatwa kichwa mwaka 1685. Kwa sheria ya 1917, makabaila waliokuwa upande wa adui katika vita vya kwanza vya dunia walivuliwa vyeo mwaka 1919, akiwemo Duke wa Cumberland, lakini uzao wao umeachiwa nafasi ya kuomba virudi. Andika "vimesitishwa".

Mrithi mwenyewe anathibitishwaje? Tangu mwaka 2004 kuna daftari rasmi la makabaila, na asiyeandikwa humo hatajwi kwa cheo katika nyaraka za serikali. Mdai anapeleka cheti cha kifo cha aliyemtangulia, vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa ya wazazi kwa kila kiungo cha mnyororo, na kiapo cha maandishi. Upande wa Uingereza vinapitiwa katika Chuo cha Nembo jijini London. Upande wa Uskoti kwa Lord Lyon, afisa wa nembo wa huko. Penye ubishi, mambo yamekuwa yakipanda hadi kamati ya Baraza la Malodi au Baraza la Faragha, yaani baraza la washauri wa mfalme. Kiungo kigumu mara nyingi si mdai mwenyewe. Ni tawi lililomtangulia: lazima uthibitishe kwamba kaka mkubwa wa babu wa babu, aliyehamia ng'ambo mwaka 1850, hakuacha mtoto wa kiume popote. Usipoweza, cheo kinabaki kimelala hata kama wewe kwa damu ndiye mrithi.

Ndoa ndiyo inayoangusha madai mengi. Uingereza, mtoto aliyezaliwa kabla ya wazazi kuoana harithi cheo hata kama walioana baadaye; sheria ya 1926 iliyowahalalisha watoto hao iliviacha vyeo nje. Uskoti inawakubali. Mtoto wa kulea harithi kokote. Augustus, Duke wa Sussex wa kwanza, alioa mwaka 1793 bila idhini ya mfalme, ndoa ikabatilishwa, na alipofariki mwaka 1843 mwanawe alidai cheo akashindwa. Uduke wa Sussex wa Harry, wa mwaka 2018, ni uundwaji wa pili, na hesabu inaanza tena na moja.

Majina yanayorudi yanawakwaza hata waandishi wazoefu. Lord Delamere wa Kenya alikuwa baroni wa tatu wa cheo cha 1821. Kulikuwa na Delamer mwingine, bila "e" ya mwisho, wa ukoo wa Booth, kilichoundwa 1661 kikakoma 1770. Vitabu vingine vinawaunganisha kana kwamba ni mstari mmoja.

Mwisho, tofautisha cheo na heshima ya mazoea. Mwana mkubwa wa duke huitwa kwa cheo kidogo cha baba yake wakati baba bado yu hai, lakini kisheria si kabaila mpaka baba afe. Mkimhesabu, namba zote za waliofuata zinasogea. Na yale matangazo ya mtandaoni ya kuuza kipande cha ardhi Uskoti ili uitwe "Lord", au ya kuuza ubwana wa shamba la zamani la Kiingereza, hayahusiani na vyeo hivi. Ubwana wa shamba ni mali na unauzika kweli, ila haumfanyi mnunuzi kuwa baroni, wala haumwingizi kwenye daftari la 2004.